Yadi ya 11: Nani Alaumiwe kwa Msimu wa Kwanza wa Kellen Moore Dallas?

Usiku wa Jumapili ya Novemba 10, 2019, Dallas Cowboys, timu ya kandanda ya Kimarekani, walikuwa nyumbani kwao, katika uwanja wa AT&T mjini Arlington, Texas, wakiwa nyuma kwa pointi 24 dhidi ya 28 za Minnesota Vikings. Afrika Mashariki ilikuwa Jumatatu tayari. Mechi ilianza saa kumi na dakika ishirini alfajiri, na aliyekesha kuitazama aliufikia mwisho wake jua likiwa limeshachomoza. Zilikuwa zimebaki kama dakika moja na nusu. Dallas walikuwa wameusogeza mpira hadi yadi ya 11 ya Vikings, yaani yadi 11 tu kutoka mstari wa goli lao, wakiwa kwenye jaribio la pili, na walihitaji yadi 2 tu ili wapewe majaribio mengine. Dak Prescott, kotabeki wao, yaani mchezaji anayeupokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, usiku huo mkono ulikuwa umemkubali: alimaliza mechi na yadi 397 za pasi na tachidauni 3 (tachidauni ni kuufikisha mpira kwenye eneo la goli la wapinzani, nayo ina pointi 6). Mkimbiaji wao, Ezekiel Elliott, alikuwa akigonga ukuta tangu mwanzo, na angemaliza na yadi 47 kwa kukimbia mara 20.

Mpira akapewa Elliott. Hakusogea. Jaribio la tatu akapewa Elliott tena, na safari hii akarudishwa nyuma yadi 3. Jaribio la nne ikabidi Prescott arushe, naye akarusha kwa huyohuyo Elliott, na mlinzi Eric Kendricks akaupangua mpira. Muda mfupi baadaye Vikings walipolazimika kuupiga mpira mbali, mpokeaji wa Dallas, Tavon Austin, aliinua mkono kuashiria kwamba ataudaka tu bila kukimbia nao, ingawa mbele yake palikuwa peupe. Pasi ndefu ya mwisho ya Prescott ikanaswa, na mechi ikaishia palepale.

Kuanzia asubuhi ile hadi msimu ulipofungwa, jina lililotajwa zaidi na mashabiki wenye hasira, pamoja na la kocha mkuu Jason Garrett, lilikuwa la Kellen Moore. Huyu alikuwa mratibu wa mashambulizi, aliyepewa kazi hiyo Januari 2019 akiwa na miaka 30, mahali pa Scott Linehan. Swali lilikuwa jepesi kuliuliza: je, kijana huyu anajua kuchagua mbinu? Jibu lake si jepesi kiasi hicho, kwa sababu ndani ya swali hilo moja yamefungwa maswali mengine ambayo wabishi wengi huyajibu kwa pamoja bila kuyatenganisha. Alichagua nani? Chaguo lilikuwa baya, au ni matokeo tu yaliyokuwa mabaya? Na je, kosa moja lililoonwa na watu wote lina uzito gani likiwekwa kwenye mizani pamoja na mbinu zaidi ya elfu moja za msimu mzima?

Kwa msomaji aliyezoea soka, kazi hii yenyewe inahitaji maelezo. Katika soka kocha hupanga kikosi, hutoa maelekezo, kisha mpira ukianza kutembea wachezaji hujiamulia mengi wenyewe. Kandanda ya Kimarekani husimama baada ya kila tukio. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kabla ya kila jaribio wachezaji wote 11 hupewa mbinu kamili: nani akimbilie wapi, nani amzuie nani, mpira utoke kwa njia gani. Saa ya sekunde 40 huanza kuhesabu mara tu tukio lililopita linapokwisha. Ndani ya sekunde hizo mratibu huangalia karatasi yake iliyojaa mbinu, huchagua moja, huitamka, na maneno hayo humfikia kotabeki kupitia kipaza sauti kidogo kilichomo ndani ya kofia yake. Saa inapofika sekunde 15 mawasiliano hukatwa. Kuanzia hapo kotabeki yuko peke yake: akisoma jinsi walinzi walivyojipanga anaweza kuigeuza mbinu, na baadhi ya mbinu zimetungwa tangu mwanzo zikimwachia achague kati ya kumpa mkimbiaji na kurusha.

Kwa hiyo mtazamaji wa televisheni, anayemwona Elliott akigonga ukuta, hana njia ya kujua kwa uhakika kama kukimbia huko kulitoka kwenye karatasi ya Moore, au Prescott ndiye aliyekubadilisha mstarini, au Garrett alinong'ona kwenye vifaa vya masikioni kwamba muda uliwe ili Vikings wasiupate mpira tena. Kocha mkuu husikia kila kinachosemwa na ana haki ya kukataa. Mratibu hutumia akili yake chini ya mamlaka ya mtu mwingine, na lawama nyingi zilizomwangukia Moore zilisahau sehemu hii ya pili.

Msimu wenyewe ulikuwa wa ajabu. Dallas walimaliza na ushindi 8 na vipigo 8, wakakosa hatua ya mtoano, wakati Philadelphia Eagles walichukua kundi lao kwa rekodi ya kawaida tu ya ushindi 9 na vipigo 7. Ukiitazama rekodi hiyo peke yake utadhani mashambulizi yalilala. Lakini hakuna timu nyingine katika ligi nzima iliyosogeza mpira yadi nyingi kuliko wao: wastani wa yadi 431.5 kwa mechi. Prescott alirusha yadi 4,902, pungufu ya yadi moja tu kuifikia rekodi ya klabu iliyowekwa na Tony Romo mwaka 2012. Wapokeaji wawili, Amari Cooper na Michael Gallup, kila mmoja alivuka yadi 1,000, na Elliott naye alikimbia yadi 1,357.

Hata pointi hazikuwa haba. Walifunga 434, wa sita katika ligi, na wakafungwa 321. Timu inayowazidi wapinzani wake kwa pointi 113 kwa kawaida hushinda mechi 10 au 11, si 8. Ajabu hii inaeleweka mtu akizitazama mechi moja moja. Ushindi wote nane ulikuwa wa pointi 8 au zaidi: Giants 35 kwa 17, Miami 31 kwa 6, Eagles 37 kwa 10, Rams 44 kwa 21, Washington 47 kwa 16, na kadhalika. Vipigo sita kati ya vinane vilikuwa vya pointi 8 au pungufu: Saints kwa 2, Jets kwa 2, Vikings kwa 4, Patriots kwa 4, Bears kwa 7, Eagles kwa 8. Yaani walipokuwa bora waliwafumua watu, na mechi ilipobana walishindwa karibu kila mara.

Ushahidi huu kila upande huuvuta kwake. Mtetezi wa Moore atasema kwamba mechi za kubana huamuliwa na bahati zaidi ya watu wanavyokubali, na kwamba mtu aliyetunga mashambulizi yenye yadi nyingi kuliko yote hawezi kuwa mjinga kwa dakika tano za mwisho na mwerevu kwa dakika 55 zilizotangulia. Mshitaki atajibu kwamba kazi yenyewe ndiyo hizo dakika tano, na kwamba kumfumua Miami dhaifu hakumpi mtu cheti. Mimi naona mtetezi ana hoja nzito zaidi, lakini hajamaliza kazi yake, maana bado hajaeleza yadi zote zile zilipotelea wapi.

Nyingine zilipotelea miguuni mwa mpiga mikwaju. Msafara wa mashambulizi unapokwama katika eneo la wapinzani, timu hupiga mkwaju wa pointi 3, na Brett Maher alikosa 10 kati ya 30 msimu huo kabla ya kuachwa Desemba. Kai Forbath aliyemrithi alipiga 10 na kuingiza zote. Kitengo cha mateke kwa jumla kilikuwa kinavuja, na ulinzi uliwapokonya wapinzani mpira kwa nadra, hivyo mashambulizi ya Moore mara nyingi yalianzia mbali. Kuanzia mbali huzaa yadi nyingi na pointi chache: timu inayosafiri yadi 60 kisha ikakosa mkwaju imeandikiwa yadi 60 na sifuri kwenye ubao. Anayejivunia yadi bila kutaja jambo hili anajidanganya, na anayeilaumu karatasi ya mbinu kwa mikwaju iliyopotea naye anajidanganya vilevile.

Hata hivyo kuna lawama ambayo naiona ni halali. Septemba 2019, siku chache kabla ya msimu kuanza, Elliott aliongezewa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 90. Mchezaji aliyelipwa kiasi hicho hakai bila kupewa mpira, na Dallas walimpa kukimbia mara 301, kwa wastani wa yadi 4.5 kila mara. Pasi za Prescott zilileta wastani wa yadi 8.2 kila aliporusha. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba timu irushe kila mara, kwa sababu pasi hukosewa, hunaswa, na kotabeki huangushwa kabla ya kurusha. Isitoshe, tishio la mkimbiaji ndilo linaloipa nguvu ile mbinu ya danganya-toto, ambapo kotabeki hujifanya anakabidhi mpira, walinzi wakasogea mbele, naye akaurusha nyuma ya migongo yao. Katika mechi ya kwanza dhidi ya Giants mbinu hiyo, pamoja na wapokeaji kuhamahama kabla ya mpira kutolewa, ilimpa Prescott yadi 405 na tachidauni 4. Watu waliona mashambulizi mapya. Kadiri wiki zilivyosonga, na hasa mechi zilipobana, majaribio ya kwanza yakarudi kwenye mazoea ya zamani: Elliott katikati, yadi mbili tatu, kisha Prescott kuachiwa mzigo wa jaribio la tatu. Humo ndimo alimopaswa kukosolewa Moore, ingawa makosa ya aina hii hayarudiwi kwenye televisheni kwa mwendo wa taratibu.

Tuirudie yadi ya 11 ya Vikings. Kumpa Elliott mpira katika jaribio la pili kunaweza kutetewa. Yadi 2 si nyingi, mkimbiaji wa wastani huzipata mara nyingi, na kama angezipata Dallas wangekuwa na majaribio manne mapya wakiwa pua na mdomo na mstari wa goli, huku muda ukiyoyoma kwa Vikings. Anayelilaumu chaguo hilo kwa sababu tu halikufaulu analipima kwa matokeo. Jaribio la tatu ndilo lisilonishawishi. Wakati huo usiku mzima ulikuwa umeshatoa ushahidi wake: mkimbiaji alikuwa akipata yadi 2 na ushei kwa wastani, mbio moja ilikuwa imezimwa punde tu, na mrushaji alikuwa kwenye kiwango cha juu cha msimu wake, huku Cooper, aliyedaka pasi 11 usiku huo, akiwatesa walinzi wa pembeni. Isitoshe, kwa kukimbia na kupoteza yadi 3 Dallas waligeuza yadi 2, ambazo bado zingeruhusu mbinu yoyote katika jaribio la nne, kuwa yadi 5, ambazo zilimweleza kila mlinzi uwanjani kwamba pasi inakuja.

Wiki mbili baadaye, Novemba 24, mpira ulifika tena kwenye yadi ya 11, safari hii ya New England Patriots, katika mvua na upepo wa Foxborough. Dallas walikuwa nyuma 13 kwa 6, dakika kama sita zimebaki, jaribio la nne na yadi 7. Garrett akamwita mpiga mkwaju, ikawa 13 kwa 9, na matokeo yakabaki hivyohivyo. Bado walihitaji tachidauni. Kilichobadilika ni kwamba mpira walikuwa wameurudisha kwa Patriots. Uamuzi huo haukuwa wa Moore hata kidogo. Kuchagua kati ya mkwaju na jaribio la nne ni kazi ya kocha mkuu, sawa na kuita mapumziko au kupinga uamuzi wa mwamuzi. Tachidauni pekee ya siku ile ilitokana na teke la Dallas lililozuiwa na Matthew Slater karibu na goli lao wenyewe, nalo pia halimo kwenye karatasi ya mratibu. Mmiliki wa timu, Jerry Jones, alipozungumza na waandishi baada ya mechi, hasira zake zilielekea kwa makocha kwa jumla. Mashabiki wengi waliziweka lawama hizo zote kwenye kapu moja na kulibandika jina la Moore.

Kwa upande wa Moore, mechi ya Jets ya Oktoba 13 ina funzo gumu zaidi. Dallas walicheza bila wazuiaji wao wawili wa pembeni, Tyron Smith na La'el Collins, na Cooper akaumia mapema. Katika yadi ya 7 ya Jets, jaribio la nne na yadi 2, Prescott aliushika mpira mwenyewe, akakimbia, akazimwa. Mara tu Jets walipoupata mpira, Sam Darnold alimrushia Robby Anderson pasi ya tachidauni ya yadi 92. Ndani ya muda mfupi uwezekano wa Dallas kufunga uligeuka kuwa wa kufungwa, na mechi ikapotea kwa pointi 2, 24 kwa 22, baada ya jaribio la kuongeza pointi 2 juu ya tachidauni kushindikana dakika ya mwisho. Mratibu gani angechagua nini bila wazuiaji wawili na bila mpokeaji wake bora? Hakika angechagua tofauti. Sina hakika kama angeshinda.

Na ile mechi iliyokaribia kuufunga mlango, Desemba 22 mjini Philadelphia, Dallas walipigwa 17 kwa 9 Prescott akiwa na bega lililoumia. Katika jaribio la nne la mwisho, lililohitaji yadi 8, pasi ilielekezwa kwa Gallup kwenye eneo la goli, na Sidney Jones akaipangua. Kamera zilionyesha kitu kingine: Cooper, mpokeaji namba moja, alikuwa nje ya uwanja, amesimama kando ya mstari. Mpangilio wa nani aingie lini huandaliwa na makocha kadhaa, lakini mbinu ya kuamua msimu ilipoitwa, mtu mmoja alipaswa kugundua kwamba Cooper hayumo, na sekunde 40 zilitosha.

Hapa ndipo suala la ujana linapoingia, nalo watu wengi hulielewa kinyume. Sean McVay alikuwa amefanywa kocha mkuu wa Rams mwaka 2017 akiwa na miaka 30 na kuwafikisha fainali ya Super Bowl Februari 2019, na tangu hapo kila mmiliki alitaka kijana wake mwenye karatasi ya maajabu. Moore alifaa picha hiyo: mtoto wa kocha wa shule ya sekondari katika mji mdogo wa Prosser, jimbo la Washington, aliyeshinda mechi 50 na kupoteza 3 akiwa kotabeki wa Boise State, ambazo hakuna kotabeki mwingine wa ngazi ya juu ya vyuo aliyewahi kuzifikia. Alistaafu kucheza baada ya msimu wa 2017, akafundisha makotabeki kwa mwaka mmoja, kisha akakabidhiwa mashambulizi yote. Waliomtilia shaka walidhani kijana atakosa ubunifu uliokomaa. Ubunifu alikuwa nao; yadi 431.5 kwa mechi hazitungwi kwa bahati. Alichokuwa bado hajakipata, kwa maoni yangu, ni ule ujasiri wa kukataa. Kijana wa miaka 31, chini ya kocha mkuu ambaye mkataba wake unaisha na hawezi kumudu kosa, akiwa na mkimbiaji wa dola milioni 90 mkononi, huelekea kwenye chaguo ambalo hakuna atakayemfukuza kwa ajili yake. Kwenye yadi ya 11 ya Vikings chaguo hilo lilikuwa Elliott, mara mbili mfululizo.

Januari 2020 Garrett hakuongezewa mkataba. Aliyekuja, Mike McCarthy, alikuwa amechagua mbinu mwenyewe kwa miaka mingi huko Green Bay, na Super Bowl aliyoshinda Februari 2011 aliishindia katika uwanja huohuo wa Arlington. Angeweza kuichukua karatasi bila mtu kumuuliza. Alimwachia Moore, na mwaka 2021, Prescott akiwa amepona jeraha la kifundo lililouharibu msimu wa 2020, Dallas walifunga pointi 530, nyingi kuliko timu yoyote.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na mechi ya kwanza ya wawili hao, Septemba 13, 2020, ugenini kwa Rams. Robo ya mwisho, Dallas nyuma 20 kwa 17, jaribio la nne na yadi 3, na mpira ulikuwa umetua, kama uliozoea, kwenye yadi ya 11. Mkwaju ungesawazisha. McCarthy hakumwita mpiga mkwaju, aliacha wajaribu. Moore alichagua pasi fupi, Prescott akamrushia chipukizi CeeDee Lamb, naye akaidakia nyuma ya alama waliyohitaji na kuangushwa hapohapo na Jordan Fuller. Rams walishinda 20 kwa 17, na safari hii angalau ilikuwa wazi nani aliamua kujaribu na nani aliamua wajaribu vipi.